TUUZISHE AO TUTENGENEZE? Neno juu ya ampli za zamani



Katika kurasa za namna hii tumezoea kusoma juu ya mahari, majina ya mapacha, matanga na ngoma za wakubwa. Ni vizuri, na iendelee. Lakini leo tunaomba nafasi kwa kitu kingine, ambacho kiko katika nyumba nyingi za mji wetu, chini ya kitanda ao katika depo, kimefunikwa na gunia: ampli ya zamani. Ile ya lampu, yenye kungoja ipate joto mbele ya kutoa sauti. Ile ambayo mzee alipigia gita, ao kwaya ya parokia iliimbia, ao baa ya karibu ilipigishia sahani za muziki mpaka asubuhi.

Tunaandika kwa sababu ampli hizo zinatoka. Zinatoka Kenya, zinatoka Katuba, zinatoka Kamalondo na Likasi, na hakuna anayeandika zimekwenda wapi. Wanunuzi wako wa namna mbili. Wa kwanza anakuja na mizani. Ni mtu wa mitraya, ndiyo kusema vyuma vikuukuu, na anatafuta shaba iliyo ndani ya transfo. Wa pili anakuja na telefone ya picha. Huyu hapimi kitu. Anasoma jina lililoandikwa mbele, anageuza nyuma, anahesabu lampu, kisha anasema kwa sauti ya kuhurumia: «Mama, hii kitu ilishakufa. Lakini nitakusaidia.»

Mbele ya watu hao wawili mwenye nyumba hana neno la kujibu. Sisi tunataka apate neno.

Tutalisema mwanzoni, kusudi mtu asipoteze wakati. Ampli iliyotumikia watu wengi isiuzishwe mbele ya kusikiwa: itengenezwe, irudi kazini. Ile isiyo na kazi, isiyo na fundi, isiyo na mtu wa kuichunga, iuzishwe mchana, kwa bei yake, na wote wanaohusika wajue. Kuifungia katika depo kwa jina la heshima ni kuiua polepole.

1. «Hii ni kitu ya Wazungu»

Neno la kwanza tunalopingwa nalo linatoka mara nyingi kinywani mwa watu waliosoma. Wanasema: ngoma ndiyo mila, likembe ndiyo mila, kinyago ndicho mila. Ampli ilikuja na meli, basi iende na ndege, hakuna wa kulia.

Tunakataa. Kitu hakiwi mila kwa sababu ya mahali kilipotengenezwa. Kinakuwa mila kwa kazi ambayo watu wamekipa, na kwa namna wanavyofundishana kukitumia. Pale Copperbelt, ng'ambo tu ya mpaka wetu, mtafiti J. Clyde Mitchell aliandika mwaka 1956 juu ya kalela, mchezo wa wafanyakazi wa migodi. Ngoma zao kubwa zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyovikwa ngozi ya ng'ombe. Pipa lilitoka wapi? Halikuchongwa kijijini. Nani leo anathubutu kusema kwamba kalela si mila?

Na gita je? Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi kijana mmoja, Mwenda wa Bayeke Jean Bosco, akipiga gita kavu. Lile gita halikuzaliwa Bunkeya. Lakini namna ile ya kulipiga kwa vidole ni ya huku kwetu, na wapiga gita wa Kenya waliifuata. Mwaka 1953, kule Léopoldville, katika studio ya CEFA, Mbelgiji Bill Alexandre alikuja na gita za umeme, na anatajwa mpaka leo kuwa ndiye aliyezifungulia mlango. Mwaka huohuo Joseph Kabasele aliianzisha African Jazz. OK Jazz ilifuata mwaka 1956. Tangu hapo huwezi kusimulia rumba yetu bila kusimulia ampli. Ile gita ya solo inayolia juu ya wengine, watu wakasahau bia yao mezani, si kidole peke yake kinacholia. Ni kidole, na waya, na lampu, na karatasi ya bafle.

Mwezi wa 12 mwaka 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa watu wote. Tulishangilia, na ilifaa kushangilia. Lakini tuulize: mtu anayeshangilia rumba mchana, kisha jioni anauzisha kwa kilo chombo kilichoibeba rumba, anashangilia nini?

Kama mtu bado ana shaka, aangalie Konono No 1 ya Kinshasa, orkestra ya mzee Mingiedi Mawangu. Wao walichukua likembe, ambayo hakuna profesa atakayekataa kuwa ni mila, wakaiwekea mikro walizozitengeneza wenyewe kwa sumaku za vyuma vya magari, wakapitisha sauti katika ampli na pavilio za zamani. Sauti ikatoka imekwaruza, imevimba, na wao wakaipenda hivyo. Walirekodiwa mwaka 1978. Mwaka 2004, sahani yao Congotronics ilipotoka, Ulaya nzima ikatega sikio. Wazungu walikuja kusikiliza kile ambacho sisi tulikiita kelele ya ampli mbovu. Hapo mila iko wapi, katika mti wa likembe ao katika ampli? Sisi tunasema iko katika yote mawili, na anayezitenganisha hajasikia.

2. Shaba yetu katika mizani

Sasa tumrudilie mtu wa mizani, kwa sababu katika mji wetu huyu ana maana yake ya pekee.

Shaba ya kwanza ya Union Minière ilimiminwa hapa Lubumbashi mwaka 1911. Miaka na miaka shaba hiyo ilipanda treni, ikapanda meli, ikaenda kusafishwa Ubelgiji, kisha ikaingia katika viwanda vya Ulaya na kugeuka nyaya. Nyaya zikazungushwa ndani ya transfo, transfo zikafungwa ndani ya ampli, na ampli zikarudi huku dukani, kwa bei ambayo baba mfanyakazi aliilipa kidogo kidogo. Hatuwezi kuapa kwamba shaba ya ampli hii ao ile ilitoka katika mgodi wetu. Lakini njia yenyewe ni hiyo, na watoto wetu wa sekondari wanapaswa kuijua. Leo tunavunja ampli, tunaitoa shaba, tunaiuzisha kwa kilo, na inaondoka mara ya pili. Mara ya kwanza tulilazimishwa. Mara hii tunabeba wenyewe mpaka kwenye mizani.

Na hesabu yenyewe ni ya kupoteza. Transfo ni nzito, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya uzito wake ni mabati ya chuma yaliyopangwa katikati. Shaba inayotoka ni kidogo. Kwa pesa ya mikate ya wiki moja umeua chombo ambacho, kikitengenezwa, kingekodishwa kila siku ya Jumamosi. Hata asiyependa muziki anaweza kuona kwamba biashara hiyo ni ya kipofu.

3. Mwenye vyombo ndiye mwenye orkestra

Tunakuja kwa neno ambalo tunaliona kuwa kubwa kuliko yote, na watu hawalisemi.

Wanamuziki wetu wengi walitoka Katanga wakaenda Afrika ya Mashariki. Orkestra Maquis ilitoka huku, ikafika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikakaa. Kule, sawa huku, wanamuziki walijua sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mwenye vyombo ndiye mwenye orkestra. Mpiga gita anaweza kuwa na vidole vya dhahabu. Kama ampli ni ya tajiri, tajiri ndiye anayesema nani atapiga, wapi, saa ngapi, na kwa mshahara gani. Siku tajiri akikasirika anapakia vyombo katika gari, na orkestra imekufa usiku huohuo.

Basi tuangalie kwetu leo. Vijana wanaotaka kupiga wanakodi sono. Kwaya inakodi sono. Familia yenye arusi inakodi sono. Hata matanga, Mungu atusamehe, yanakodi sono. Pesa inayobaki mkononi mwa mpigaji nyuma ya kulipa sono, haitoshi hata kununua nyuzi za gita. Na wakati huohuo, ndani ya nyumba ya babu wa mmoja wa vijana hao, kuna ampli iliyonyamaza miaka ishirini! Anakodi uzima wa wengine, wake mwenyewe unaliwa na panya.

Ndiyo sababu tunasema kwamba kutengeneza ampli ya zamani si neno la wazee wenye kukumbuka ujana wao. Ni neno la uhuru wa vijana. Ampli ya watt 30 haitajaza uwanja wa mpira. Lakini inatosha kwa gita katika ukumbi wa mtaa, inatosha kwa kwaya ndogo, inatosha kwa mazoezi ya kila jioni. Na kijana anayefanya mazoezi kila jioni bila kulipa mtu, huyo ndiye anayekuwa mpiga gita.

4. «Mtoto hasomi kwa historia»

Kuna wanaotujibu kwa ukali, na wana haki ya kuwa wakali. Wanasema: «Bwana mwalimu, wewe unaongea mambo ya rumba. Mtoto wangu walimurudisha ku masomo. Ampli itamulipia minervali?»

Hatumcheki mtu wa namna hiyo. Sisi walimu ndio wa mwisho wenye haki ya kumcheka. Tunajua mwezi usio na mshahara. Tunajua pia mji huu umepita wapi. Tarehe 30 ya mwezi wa 11 mwaka 1973 zairianisation ilitangazwa, maduka ya wageni yakapewa watu wengine, na mengi yakafa, pamoja na mlango wa kupatia vipande vya kubadilisha. Mwaka 1991 uporaji ukapita. Katika miaka ya 1990 Gécamines ilianguka, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa ile waliyoiita «kuondoka kwa hiari». Katika nyumba ngapi za kambi vitu viliuzishwa kimoja kimoja, leo radio, kesho kitanda, kesho kutwa ampli ya baba? Mtu aliyeuzisha ampli yake kusudi mtoto apate dawa, alifanya vizuri. Mtoto ni mkubwa kuliko ampli. Tusimwekee mtu dhambi ambayo hakuitenda.

Lakini tunawauliza wanaojificha nyuma ya maskini: je, ampli zote zinazotoka zinatoka kwa njaa? Hapana. Tunajua familia moja ambamo watoto watatu waligombana juu ya ampli ya marehemu baba yao. Mmoja alitaka kuuzisha, mmoja alitaka kutunza, wa tatu alikuwa kimya. Siku waliporudi kutoka makaburini kufanya usafi, ampli haikuwako. Wa kimya alikwisha kuiuzisha, na mnunuzi hakutaka hata sanduku: alichomoa lampu na bafle, akaacha mbao na chuma uani. Watoto wale hawakuwa na njaa siku ile. Walikosa tu kukaa pamoja na kukata neno.

Tunajua tena kwaya moja. Ampli yao ilinunuliwa kwa michango ya bamama, franka kwa franka, wengine walitoa mboga na mafuta kusudi ziuzishwe. Siku moja kiongozi mmoja akaiuzisha, akaleta ya kisasa ya plastiki yenye taa za rangi. Ya plastiki ilikufa mwaka haujaisha, na hakuna fundi aliyeweza kuifungua na kuelewa kitu, maana ndani yake kila kitu kimegandishwa katika kibao kimoja. Bamama waliuliza: «Ile yetu iko wapi?» Hakuna aliyejibu. Huo si umaskini. Huo ni wizi uliovaa koti ya maendeleo, na tunauita kwa jina lake.

Kwa hiyo tunasema: anayelazimika kuuzisha auzishe, lakini asiuzishe kama mjinga. Ajue kwamba mnunuzi wa mbali anatafuta vitu vinne: transfo za asili, bafle ya asili, lampu zenye jina la kiwanda cha zamani, na sanduku ambalo halijapakwa rangi mpya. Ajue kwamba lampu za zamani zenye jina kama Mullard zina wanunuzi wake peke yake, na kwa hiyo «nitakusaidia kuchukua hizi lampu tu» si msaada. Ajue kwamba ampli isiyowaka si ampli iliyokufa; mara nyingi kasoro ni kitu kidogo. Asikubali bei ya siku ya kwanza. Aulize kwa mafundi wawili, si mmoja. Na kama chombo kilikuwa cha watu wengi, pesa ihesabiwe mbele ya watu wengi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Kioo na depo

Upande wa pili kuna marafiki zetu, wengine wamo katika shirika hili, wanaosema: tusiuzishe kitu, tukusanye vyote, tuviweke nyuma ya kioo. Nia yao ni njema. Kazi ya Mémoires de Lubumbashi, iliyoanza katika Chuo Kikuu chetu mwaka 2000, ilitufundisha kwamba maisha ya mji nayo ni historia, kwamba kitambaa cha mama na wimbo wa baa vinastahili kuandikwa. Tunawashukuru.

Lakini ampli si kinyago. Kinyago kikitulia katika kioo bado unakiona. Ampli ikitulia huisikii, na ampli isiyosikiwa ni sanduku. Tena ni mbaya kuliko sanduku, kwa sababu inaoza kwa ndani. Kondensateri zake za zamani zinakauka. Vishikio vya lampu vinashika kutu. Karatasi ya bafle inaliwa na mende. Katika majira ya mvua transfo inanyonya unyevu. Ampli inayotumika mara kwa mara inadumu kuliko ile inayoheshimiwa. Kuitunza ni kuitumikisha.

Na kuna wengine wanaoitwa watengenezaji, nao ni wabaya kuliko panya. Wanatoa kila kitu cha ndani, wanaingiza kibao cha transista kilichonunuliwa sokoni, wanapaka sanduku rangi nyekundu, kisha wanasema: «Iko mupya!» Ndiyo, ni mpya, na kwa hiyo si yenyewe. Kutengeneza ni kubadilisha paka kile kilichokufa, na kuacha kile kinachoishi. Kipande cha zamani kinachotolewa kisitupwe: kiwekwe katika mfuko, kiandikwe tarehe, kibaki ndani ya sanduku. Fundi atakayekuja nyuma yetu atajua tulifanya nini.

6. Maswali manne mbele ya kukata neno

Tunawapa wenye ampli maswali manne. Si sheria, ni njia ya kukaa pamoja mezani.

La kwanza: ni ya nani? Ya mtu mmoja, ya familia, ao ya kundi? Kama ni ya kundi, hakuna mtu mmoja mwenye mdomo wa kuiuzisha, hata awe rais wa kwaya.

La pili: mifupa yake iko? Mifupa ya ampli ni transfo na bafle. Lampu si taabu: mpaka leo zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, na zile za nguvu ndizo zinazochoka mbele ya zile ndogo. Tuchukue mfano mmoja unaojulikana ulimwenguni, Vox AC30 ya Uingereza: inatumia lampu nne za EL84 kutoa watt 30, na EL84 mpya bado zinauzishwa. Kondensateri pia zinapatikana kwa bei ndogo. Lakini transfo ikiungua, fundi anapaswa kuizungusha upya kwa mkono, na mafundi wa kazi hiyo wamebaki wachache.

La tatu: kazi inaingoja? Kuna kijana, kwaya, shule, ukumbi unaoihitaji? Kama kazi iko, itengenezwe. Kama hakuna kazi katika nyumba, tafuteni kazi katika mtaa mbele ya kutafuta mnunuzi.

La nne: nani atajibu juu yake? Mtu mmoja mwenye jina, si «sisi wote». Kitu cha sisi wote bila mchungaji kinakuwa cha yule aliye na ufunguo.

Ampli yenye majibu mema kwa maswali hayo, haifai kuuzishwa hata kama mnunuzi anaongeza bei. Ile isiyo na mifupa, isiyo na kazi, isiyo na mtu, iuzishwe bila machozi, na sehemu ya pesa itengeneze nyingine yenye kustahili.

Hapa tunaweka onyo, kwa sababu sisi ni watu wa vijana na hatutaki kuzika mtu. Ndani ya ampli ya lampu mna volti 300 na zaidi, na kondensateri zinashika moto huo hata ukiisha kuchomoa waya ukutani. Ampli iliyolala miaka isichomekwe mara moja «kujaribu tu». Fundi mwenye akili anaipitisha kwanza kwa ampule ya nyumba iliyofungwa katika njia ya umeme: ampule ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna kasoro ndani, ikiwaka kisha ikafifia, kuna tumaini. Waya wa ardhi ufungwe, maana ampli nyingi za zamani hazikuwa nao, na mpiga gita anashika nyuzi za chuma huku midomo yake inagusa mikro ya chuma. Na katika mji ambamo moto unashuka na kupanda unavyotaka, stabilizateri si anasa. Afadhali kuchelewa kununua kiti kuliko kuwasha ampli bila hiyo.

7. Urithi wenyewe ni fundi

Tukifika hapa, msomaji ataona kwamba tunasema ampli, lakini kuna kitu kingine nyuma yake. Ni nani aliyeziweka ampli hizi hai nyuma ya mwaka 1973, maduka yalipokauka? Si kiwanda, si serikali. Ni mzee mwenye meza ndogo mbele ya nyumba, koleo, soda, na kioo cha macho kilichofungwa na uzi. Yeye ndiye aliyetoa kipande katika radio iliyokufa akakiingiza katika ampli iliyo hai. Yeye ndiye aliyezungusha transfo akihesabu mizunguko kwa mdomo, na mtoto asiongee pembeni kusudi hesabu isipotee. Hakuandika kitabu. Alimfundisha kijana kwa kumpa koleo ashike, sawa vile mpiga ngoma anavyomfundisha mtoto wake.

Elimu hiyo ni mila kamili. Ina walimu wake, ina siri zake, ina maneno yake, ina heshima yake. Na inakufa haraka kuliko ampli zenyewe. Tukiuzisha ampli zote, fundi hana kitu cha kutengeneza, na mwanafunzi wake anakwenda kuuzisha kredi za telefone. Tukizifungia zote, ni vilevile. Paka tukizirudisha kazini, zitaharibika tena; na zikiharibika tena, fundi atakula, na kijana atajifunza. Ndiyo, tunataka ziharibike tena! Chombo kinachoharibika na kutengenezwa ndicho kinachoendeleza watu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kwa shirika letu, na tunayaomba waziwazi. Kwanza, katika kila mtaa liandikwe daftari la vyombo vya zamani: jina la kiwanda, mwaka kama unajulikana, nani alipigia, nyimbo zipi, sasa kiko kwa nani. Wanafunzi wetu wa sekondari wanaweza kufanya kazi hiyo. Ni somo la historia bora kuliko mengi tunayowakaririsha. Pili, sehemu ya michango yetu ya mwaka ilipe mafundi wazee wawili ao watatu kusudi kila mmoja afundishe vijana, tena mbele ya watu, si kwa siri. Tatu, mara moja kwa mwaka tuwe na jioni ya kusikiliza: ampli zilizotengenezwa ziwashwe, wazee na vijana wapige, na kila mwenye ampli chini ya kitanda aitwe kusikia inavyoweza kusema.

Wanaotaka kuuzisha waje pia. Wasikilize wimbo mmoja tu mpaka mwisho, mbele ya kumwita mtu wa mizani. Kama nyuma ya wimbo huo bado wanataka kuuzisha, hatutawazuia. Watakuwa wanajua wanauzisha nini.